Impakti ya betri au ya upepo: mwongozo kamili kwa fundi gari wa Dodoma

Mwaka wa kwanza nilipofungua gereji Kizota nilinunua impakti mbili za upepo, yaani mashine za kufungulia nati kwa mapigo, ndani ya miezi minne. Ya kwanza niliiona haina nguvu, nikaiuza kwa hasara. Ya pili, kubwa na nzito zaidi, ikashindwa na nati zilezile za Noah. Siku hiyo fundi mmoja wa malori alikuwa amekuja kuazima jeki. Impakti yenyewe hakuigusa. Aliufuata mpira, ule wa buluu uliojikunja kama springi, akaubana kwa vidole viwili pale unapoingia kwenye mashine, akaniambia, "Mdogo wangu, mashine yako nzima. Upepo unakufia hapa njiani." Akatoa mpira wake mnene kwenye pikapu, tukauchomeka. Nati tano zikatoka moja baada ya nyingine, na impakti ni ileile.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue ya betri au ya upepo, simjibu kabla hajanieleza nyuma ya mashine kutakuwa na nini. Nyuma ya impakti ya upepo kuna kompresa, tangi, mpira na waya wa umeme. Nyuma ya impakti ya betri kuna seli, chaja na mahali pa kuzitunzia. Nguvu inatoka huko. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kazi, unakwenda kwenye umeme, kisha upepo na betri, na ndipo unafika dukani.

Kwanza, inavyopiga

Ndani ya impakti yoyote kuna nyundo inayozunguka na kugonga ncha ya mraba inayoshika soketi. Ndiyo maana kijana mwembamba anafungua nati ambayo kwa wili spana ingemtaka asimame juu ya bomba: mkono wake haubebi nguvu yote, unabeba mtikisiko wa mapigo tu. Kwenye ya upepo, nyundo inazungushwa na rota yenye vibao vyembamba vinavyosukumwa na upepo. Kwenye ya betri inazungushwa na mota, na nati ikigoma nyundo hurudi nyuma ikibana springi, kisha springi huisukuma mbele igonge tena. Kinachofungua nati ni uzito wa kila pigo. Pigo likiwa hafifu, hata upige dakika nzima nati itapata moto tu na kukaa palepale. Ukiona hivyo, acha triga.

Hatua ya 1: Andika kazi za wiki mbili

Chukua daftari. Kila gari linaloingia, andika ulifungua nini na wapi: ndani ya gereji, au ulifuata gari barabarani. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu akili hukumbuka lile lori moja lililokutesa na kusahau IST thelathini.

Kisha weka nguvu mbele ya kila kazi. Toyota ndogo nyingi, nati za tairi hufungwa kwa Nm 103 (Nm ni newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Land Cruiser 200, haya mashangingi yaliyojaa mjini tangu wizara zihamie hapa, hutaka Nm 131 kwa ringi za aloi na Nm 209 kwa ringi za chuma. Lori kubwa lenye nati 10 kwa tairi linafika kwenye Nm 600 hivi. Hiyo ni nguvu ya kufungia. Ya kufungua ni nyingine, hasa nati ikiwa imekaa miaka miwili, imeshika kutu, na aliyeifunga mara ya mwisho aliifunga kwa hasira. Mimi huzidisha ile ya kufungia mara tatu. Kwa magari madogo nahitaji mashine inayofungua kwa Nm 300 hadi 400 za kweli. Kwa mashangingi na pikapu Nm 600 na zaidi. Kwa malori Nm 1,800, na hapo ndipo mambo yanabadilika kabisa.

Angalia neno "za kweli". Kwenye boksi la impakti mara nyingi kuna namba mbili: nguvu ya kufungua na nguvu ya kufunga, na ile kubwa ndiyo inayoandikwa kwa herufi nene. Mfano mzuri ni Milwaukee M18 FUEL ya nusu inchi (upana wa ile ncha ya mraba), modeli 2767: kufungua futi-pauni 1,400, kufunga futi-pauni 1,000. Zidisha futi-pauni kwa 1.356 upate Nm, ambapo 1,000 inakuwa 1,356. Ukiona boksi lina namba moja tu, chukulia kuwa ni ile ya kufungua. Na kama ni ya upepo, namba hiyo ilipimwa ikiwa na presha ya psi 90 kwenye mashine yenyewe. Geji ya tangini haihusiki, na tutaona tofauti yake hapo chini.

Hatua ya 2: Pima umeme wako

Umeme wetu ni volti 230. Nunua au azima mita, ichomeke kwenye soketi utakayotumia, mwambie msaidizi awashe kompresa huku wewe unaangalia. Mota ya kompresa inapoanza hunyonya umeme mwingi mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshachanganya. Volti ikishuka chini ya 200 wakati wa kuwaka, na ikachelewa kupanda, una tatizo. Mota italia bila kuzunguka, kapasita itapasuka, na mwishowe koili zitaungua.

Mara nyingi kosa ni waya wetu wenyewe. Gereji nyingi tumevuta umeme kwa ekstensheni nyembamba kutoka nyumba ya jirani, mita 30, waya uleule wa kuchajia simu. Kwa kompresa yenye nguvu ya farasi 2, tumia waya wa milimita 2.5 mraba, mfupi iwezekanavyo, wenye ethi. Na ukihitaji kufika mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya. Kompresa ikae karibu na soketi. Upepo ndio utembee.

Betri haina shida hii. Betri ya volti 18 na Ah 5 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) ina wati-saa 90 (18 mara 5), kwa hiyo uniti moja ya LUKU inachaji betri kama hizo takriban tisa, ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja. Kompresa ya farasi 2 inakula uniti moja na nusu kwa kila saa ambayo mota inazunguka. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, betri zilizojaa zinamaliza kazi ya siku. Kompresa itakupa kilichobaki tangini, basi.

Kama unategemea jenereta, kumbuka Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Jenereta ya petroli inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, na kompresa nayo inavuta hewa pungufu kwa kila mzunguko. Kompresa iliyotosha kwa ndugu yako Mbagala inaweza kukuangusha hapa, na hamtaelewana kwenye simu kwa nini.

Hatua ya 3: Hesabu upepo

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kwenye impakti ya upepo ya nusu inchi utaona imeandikwa inatumia cfm 4 au 5, yaani futi za ujazo za upepo kwa dakika. Cfm moja ni lita 28. Namba hiyo ni wastani wa mtu anayebonyeza, anaachia, anahamia nati nyingine. Ukishikilia triga mfululizo, mashine hiyohiyo inakula cfm 20 hivi, karibu lita 9 kwa kila sekunde.

Sasa tazama kompresa ya lita 50 ambayo karibu kila mtu huanza nayo. Nyingi hujizima kwenye bar 8 (bar ni kipimo kingine cha presha) na kuwaka tena zikishuka kwenye 6. Tofauti ni bar 2. Bar 2 mara lita 50 ni lita 100 za upepo unaoweza kuzitumia kabla mota haijawaka. Gawanya kwa lita 9: sekunde 11. Nati tano za Noah, kila moja sekunde mbili, zimekula sekunde 10. Kwa hiyo tangi la lita 50 ni tangi la tairi moja. Baada ya hapo unasubiri zaidi ya nusu dakika lijae, au unaendelea na upepo mchovu, na hapo ndipo wengi wetu huanza kuisema vibaya mashine.

Tangi la lita 200 kwa hesabu ileile linakupa lita 400, sekunde 40 na ushee, tairi nne bila kusimama. Ndiyo maana nasema: kati ya kununua impakti kubwa na kununua tangi kubwa, nunua tangi.

Usidanganyike na lita kwa dakika zilizoandikwa kwenye kibati cha kompresa ndogo. Mara nyingi hizo ni hewa inayoingia kwenye pistoni. Inayotoka ikiwa imegandamizwa ni pungufu, wakati mwingine theluthi nzima. Makadirio ninayotumia ni cfm 3 hadi 4 kwa kila farasi mmoja, na kwa Dodoma natoa tena sehemu moja ya kumi.

Hatua ya 4: Fuata mpira

Ule mpira wangu wa buluu ulikuwa na unene wa milimita 8 kwa nje. Tundu la ndani ni milimita 5. Mpira wa tundu la milimita 10 una nafasi ya kupitisha upepo mara nne ya ule, kwa kuwa upana wa tundu ukizidi mara mbili, eneo lake linazidi mara nne. Kwa impakti ya nusu inchi, milimita 10 ndiyo ya chini kabisa. Kwa robo tatu inchi, tumia tundu la milimita 13. Kwa inchi moja ya malori, milimita 19. Na kapla zake, vile viungo vya kuchomekea, ziwe za tundu pana vilevile. Kuweka kapla ndogo kwenye mpira mnene ni kurudi kulekule.

Sasa fanya kipimo hiki, ambacho natamani kila gereji ingekifanya. Tafuta kiungo cha T chenye geji ndogo, kifunge kati ya mpira na impakti. Bila kubonyeza, geji itasoma kile kinachosoma tangini, tuseme psi 100. Sasa bonyeza triga huku mashine ikizunguka, na usiondoe macho kwenye geji. Ikibaki 90 au karibu yake, mfumo wako mzima. Ikishuka hadi 60, unapoteza nguvu kabla haijafika mkononi. Badilisha kitu kimoja kimoja: kwanza kapla, kisha mpira, kisha chujio, na upime tena kila mara. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwangu, geji ilianguka kutoka 105 hadi 55. Nilisimama pale nikiihesabu ile impakti niliyoiuza kwa hasara.

Usijaribu kufidia kwa kupandisha presha ya tangi juu ya kiwango. Hiyo inaumiza mashine na inaweza kukuumiza wewe.

Hatua ya 5: Soma betri kabla ya kusoma mashine

Dukani utaona impakti za volti 18, volti 20 na volti 21, na muuzaji atakuambia ya 21 ina nguvu zaidi. Ndani ya zote kuna seli tano zilizofuatana. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 kwa wastani. Mara tano ni 18. Ikitoka kwenye chaja ina karibu 4.2; mara tano ni 21. Anayeandika 20 amechagua namba ya katikati. Betri ni moja, lebo tatu. Ukikuta imeandikwa 88V, 98VF au 188VF na betri ni ndogo ileile ya kushikwa kwa kiganja, hizo si volti hata kidogo.

Kinachotofautisha ni Ah na idadi ya seli. Betri ya Ah 2 kwa kawaida ina seli tano tu. Ya Ah 4 au 5 mara nyingi ina seli kumi, mbilimbili, kwa hiyo kila seli inabeba nusu ya mzigo. Impakti inavuta umeme kwa nguvu sana kila inapopiga. Ukiiwekea betri ya seli tano, volti inazama na pigo linakuwa hafifu. Ni mpira mwembamba uleule, safari hii wa umeme. Kwa kazi ya tairi usishuke chini ya Ah 4.

Betri bandia zipo nyingi. Mimi huzipima kwa mzani. Seli moja ya kawaida ina gramu 45 hadi 48, kwa hiyo seli kumi peke yake zinakaribia nusu kilo, na ukiongeza ganda na bodi betri nzima inafika gramu 600 na kitu. Nenda nayo duka la jirani lenye mzani wa sukari. Betri iliyoandikwa Ah 5 ikisoma gramu 400, mara nyingi ndani kuna seli tano, au kuna seli nyepesi zisizofikisha walichoandika. Hakuna muuzaji mwaminifu atakayekukatalia kuipima.

Mota iwe ya bila brashi. Ile ya brashi inapata joto haraka, na vumbi letu linaingia kwenye brashi na kuzila. Chagua pia familia ya betri inayouzwa hapa mjini, ili miaka miwili ijayo upate betri peke yake bila kununua mashine nzima. Makita, DeWalt, Bosch, Ingco, Total: kwa kawaida kila moja ina mdomo wake wa betri, usitegemee ziingiliane. Ukichagua moja, umechagua na ndugu zake wote, kuanzia drili hadi grenda.

Hatua ya 6: Amua

Kama kazi yako ni magari madogo, sehemu ya wiki unafuata magari yaliyokwama njiani kuelekea Bahi, Kongwa au Mtera, na umeme wako ni wa fezi moja, anza na impakti ya betri ya nusu inchi na betri mbili za Ah 5. Unaiweka kwenye begi, unapanda bodaboda, unafika Hombolo kwenye pikapu iliyobeba zabibu, umefungua tairi mwenye mali hajamaliza kukueleza. Mpira wa upepo hauwezi safari hiyo. Kompresa ndogo utainunua baadaye kwa ajili ya kujaza upepo, na hapo lita 50 zinatosha kabisa, kwa kuwa haitakuwa na kazi ya kusukuma impakti.

Kama una gereji yenye shughuli ya matairi siku nzima, kompresa ni lazima kwako hata usipotaka, kwa sababu ya kujaza na kupuliza. Basi impakti ya upepo ni nyongeza ndogo ya gharama, haina betri ya kuzeeka, na ikitunzwa inakaa miaka mingi; vibao vya rota vikiisha vinabadilishwa. Weka tangi la lita 200, farasi 3 au zaidi, na mpira wa milimita 10. Bado ningekushauri uwe na moja ya betri kwa kazi za chini ya gari, maana mpira unaoburuta kwenye mchanga na kunasa kwenye stendi ya jeki ni hatari kwa aliyelala chini.

Kwa malori ya barabara ya Singida sina ushauri wa pande mbili. Ni upepo, impakti ya inchi moja yenye shingo ndefu, tangi la lita 300, na ikiwezekana kompresa ya injini ya dizeli au umeme wa fezi tatu. Zipo impakti za betri za inchi moja, na ni nzuri kwa gari la msaada barabarani, lakini nati 10 mara tairi nyingi za trela zinamaliza betri haraka na kuzichemsha. Kwa aliye mbali kabisa, ile mashine ya mkono ya gia, ya kuzungusha kwa mpini, bado inastahili kukaa kwenye boksi la dereva.

Usinunue kwa aibu ya kuonekana gereji ndogo. Mteja anaangalia kama nati zake zimefungwa sawasawa.

Hatua ya 7: Kufungua nati iliyoganda

Vaa miwani na viziba masikio kabla ya yote. Impakti ya upepo inafika desibeli 100, na ya betri haiko mbali. Wazee wengi wa gereji wanaosema kwa sauti kubwa walianza hivihivi.

Soketi ziwe zile nyeusi za impakti, za pembe sita. Zile za kung'aa za mkono ni ngumu lakini hazivumilii mapigo. Zikipasuka, kipande kinaruka kama risasi. Kwa ringi za aloi tumia soketi nyembamba yenye ganda la plastiki ili usikwaruze tundu.

Piga nyuzi za stadi (zile bolti zinazoshika nati) zinazoonekana kwa brashi ya waya. Mchanga na kutu vilivyo mbele ya nati vitaingia kwenye nyuzi ukifungua, na hapo ndipo stadi zinapoliwa. Pulizia mafuta ya kupenya kutu, subiri dakika 15 au 20, gonga kichwa cha nati mara chache kwa nyundo ili mafuta yaingie. Chomeka soketi hadi mwisho, moja kwa moja kwenye impakti. Kila kiungo cha kurefusha kinajikunja kidogo kama springi kwa kila pigo na kumeza nguvu. Adapta ya kutoka robo tatu kwenda nusu nayo ni hivyohivyo.

Piga sekunde tatu hadi tano. Ikikataa, geuza upande, ifunge kidogo kwa pigo moja fupi, kisha rudi kufungua. Mtikisiko wa pande mbili huvunja kutu ambayo nguvu ya upande mmoja imeshindwa. Ikikataa tena, rudia mafuta na usubiri zaidi.

Moto ndilo jambo ninaloomba ulisikilize. Usichome nati kwa gesi ringi ikiwa na tairi, hata kama tairi umelitoa upepo. Raba ikichemka kutoka ndani inatoa gesi zinazoweza kuwaka na kulipua tairi, na mlipuko wake unaua. Toa tairi kwenye ringi kwanza, au kata nati.

Hatua ya 8: Kufunga

Impakti inafungua. Kufunga ni kazi ya mkono na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Anza kila nati kwa vidole, angalau mizunguko mitatu. Ikikataa kwa vidole, nyuzi zimepishana; ukiiwekea impakti utaziua. Safisha uso wa habu, kwa sababu kutu au mchanga kati ya ringi na habu hufanya nati zilegee baadaye. Ukiwa na impakti ya betri yenye hatua za nguvu, weka hatua ya kwanza, gusa tu mpaka ringi ikae. Fuata mtindo wa nyota, nati moja kisha inayoielekea. Shusha gari, malizia kwa spana ya toki kwa kipimo cha gari hilo. Usipake grisi wala oili kwenye stadi za gari dogo, kwani nyuzi zikiteleza, Nm 103 zilezile zinavuta stadi kupita kiasi. Kwa malori, fuata anavyosema mtengenezaji.

Nilishapokea Harrier kutoka Area D iliyokatika stadi mbili njiani. Nilipopima tatu zilizobaki, spana ya toki iliyotegwa Nm 250 ilibonyea kabla nati haijasogea hata nywele moja. Aliyezifunga alishikilia triga mpaka akaridhika. Dada aliyekuwa anaendesha alikuwa na watoto nyuma.

Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 ukague tena. Mpigie simu asiporudi.

Matunzo kwa hali ya hewa yetu

Kuanzia Mei hadi Novemba adui ni vumbi. Kabla ya kuchomeka mpira kwenye impakti, upulize kwanza pembeni, kwani ncha iliyolala chini imebeba mchanga na utaingia moja kwa moja kwenye vibao. Safisha chujio la kompresa kila wiki. Impakti ya betri ina matundu ya hewa karibu na mota. Yapulize kwa upepo mdogo, ukiwa na miwani, kila Jumamosi. Na usipulize vumbi la breki kwa upepo, maana pedi na shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Tumia maji na brashi.

Tia matone manne au matano ya mafuta ya mashine za upepo kwenye tundu la kuingizia, kila asubuhi, kisha zungusha sekunde chache. Yakikosekana, mafuta mepesi ya cherehani yanafaa. Oili ya injini ni nzito, inagandisha vibao.

Betri hazipendi jua. Usiziache kwenye dashibodi wala juu ya bati. Ikitoka kazini ikiwa ya moto, iache kivulini nusu saa ndipo uichaji. Juu ya nyuzi 40 hivi kuchaji kunaiua polepole, na chaja nzuri itakataa yenyewe. Ukifunga gereji kwa wiki kadhaa, ziache zikiwa nusu.

Mvua zikianza Desemba, adui anakuwa maji. Hewa yenye unyevu ikigandamizwa inaacha maji tangini, na yakiingia kwenye impakti rota inashika kutu. Fungua koki ya chini kila jioni, tangi likiwa na presha kidogo, mpaka utoke upepo mkavu. Vuta pete ya valvu ya usalama mara moja kwa wiki uone kama inapumua. Tangi la kompresa ni chombo cha mgandamizo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hukagua vyombo vya aina hiyo mahali pa kazi; kuwa na karatasi yake. Angalia na rangi ya maji yanayotoka. Yakiwa meupe au yenye mafuta kidogo, sawa. Yakitoka ya kahawia kila siku, yenye vipande vya kutu, chuma kinakwisha kwa ndani. Tangi hilo lisichomelewe, hata tundu likionekana dogo kama la sindano. Litoe upepo wote, litoboe makusudi lisitumike tena, ununue jingine.